Mistari ya Makaa Ukutani

Harufu ya muhogo unaoloweshwa inatoka kwenye beseni langu, na minye niko tena mutoto, kijijini Nyamianda, nyuma ya nyumba ya koko, mama ya baba yangu. Muhogo wetu ulikuwa mchungu, wa sumu, lazima ukae majini siku tatu. Koko hakujua kusoma. Kila asubuhi alichora mstari wa makaa ukutani. Ikifika mitatu, anautoa.

Asubuhi moja alichora, akazunguka jikoni, akarudi kuchora tena.

“Koko, ulishachora.”

“Weye mutoto utanifundisha muhogo?” Akacheka.

Kesho yake mistari ikafika mitatu, akautoa, bado mgumu. Ukakauka juani, ukatwangwa, tukala bugali. Mudogo wangu na minye tulitapika mpaka miguu ikatukataa. Tulipona. Lakini baba mudogo alishasema, “Mama iko mulozi, ameroga batoto,” na pasta wa kanisa lake akaitikia. Wakamfungia koko kwenye chumba cha maombi, bila chakula, eti pepo limutoke. Alitolewa amekufa. Hao wawili ndio walimuua, nasema wazi, na hakuna aliyewauliza. Minye niliiona ile mistari, miwili ya asubuhi moja. Niliogopa fimbo ya baba mudogo, sikusema.

Leo nimeinama nitoe muhogo wangu. Ukutani iko mistari mitatu. Nakumbuka kuchora miwili.

Nimeurudisha majini, nikamwita binti yangu, nikamupa kipande cha makaa.

“Kuanzia leo utachora weye.”

“Kwa nini, mama?”

“Chora tu.”