Udongo wa Mlima wa Njano

Wiki hii nilisimama kwenye kaunta ya ofisi moja ya serikali hapa Jeppestown, mtaa wetu wa wahamiaji, nikimtafsiria jirani yangu, mama Mkongo mwenye mimba kubwa. Kizulu changu, msinibishie, hata Wazulu wanakiogopa. Mama aliomba kulima mchicha kando ya ule mlima wa njano, mabaki ya mgodi wa dhahabu.

Karani akatikisa kidole. "Eish, mama! Ardhi ile ina sumu. Sheria inakataza kuchota hata kiganja mpaka isafishwe."

Nikatafsiri. Mama alikuwa akitafuna udongo, kama wafanyavyo wajawazito wetu. Taya likasimama.

"Kaka," akaninong'oneza, "hii nayo imetoka pale. Muuzaji alisema iko laini kupita ya kwetu Bukavu."

Nilipotafsiri, karani akaruka na kikombe cha maji. "Tema! Sukutua! Kliniki, sasa hivi!" Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Muuzaji ni yule mama wa kona?"

Nikatafsiri, mama akaitikia kwa kichwa. Karani akafungua droo polepole, akatoa bonge lake mwenyewe la udongo, limemegwa nusu.

Kliniki tulikwenda watatu. Sheria imeuzungushia mlima ule uzio, wasomaji wangu. Vinywa hakuna aliyevikumbuka.