Fuksia Iliyoungua Julai

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, nikiwa msichana, sakitu, ule umande ulioganda, ilipoanguka kwetu kule juu, karibu na msitu wa Mlima Meru. Watu wa Kimandolu, huko chini mjini, wakivaa sweta wanasema wameona baridi, haya, tuwaache. Fuksia ya mama, ile yenye maua yanayoning'inia kama hereni, iliamka nyeusi yote.

Mama tulikuwa tumemzika baada ya Pasaka. Ua lile alilipanda mwenyewe mlangoni, na baba alikuwa akilimwagilia kila jioni kabla hajala. Alipoliona limeungua, alimwambia kaka yangu Elia, "Ling'oe." Akaingia ndani, na chai hakunywa. Niliogopa, maana alikuwa anakonda kama mtu anayejiandaa kumfuata mama.

Elia kainua jembe, mara shangazi, dada mkubwa wa baba, akatokea na mzigo wa majani makavu ya migomba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Weka jembe chini. Ng'ombe akilala, wewe unachukua kisu?"

"Baba ndiye kasema. Na limeshakufa."

Shangazi akakwangua shina kwa ukucha. Kavu. "Juu limekufa kweli," akasema. "Chini umeuliza?"

Akapandisha udongo kwenye shina, akafunika kwa yale majani, matawi meusi akayaacha yakinge baridi. Akatukataza kukata wala kumwagilia ovyo mpaka kahawa ichanue kule chini. Kisha akaingia kwa baba, akamkaripia kwa Kimeru. Sikusikia yote, lakini jioni ile baba alikula.

Wanasema subira yavuta heri; hawasemi inavyouma. Kahawa ilipochanua, baba alituita nje. Chipukizi lilikuwa limetokeza kwenye udongo, naye amepiga magoti pale, analia mbele yetu bila aibu. Tulikaa naye miaka mingi baada ya hapo.

Sasa wewe uliyejenga huko juu umenipigia simu: fuksia zimeungua, unataka kumwita fundi azing'oe, aweke pevingi, vile vitofali vya uani. Ngoja kwanza. Funika mizizi, acha matawi, utakata joto likirudi. Na binadamu pia, mwanangu, usimkatie tamaa katika baridi yake; mfunike, mpe muda. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, na kila Julai iwakute mkiwa pamoja.