Kopo la Saa Nane

Tuwekeane dau: ukiyaamini haya, Fundi Randa atakutengenezea kitanda bure. Mpaka leo hajapoteza hata ubao.

Randa ni seremala, mdomo mrefu kuliko msumeno wake. Hujisifu kwamba jicho lake halijawahi kukosea kipimo hata kwa unywele. Uvimbe ulipomwota shingoni, aliupima mwenyewe kwa futi kabla ya kwenda hospitali.

"Ni saratani," daktari akamwambia. "Tuna majaribio hapa. Hii ni dawa ya zamani ya virusi, tunataka kuona kama inaweza kuzuia uvimbe. Siahidi kitu. Ila ukiruka dozi siku nne mfululizo, tunakutoa."

"Niruke mimi? Kwani mimi chura, daktari?"

Lakini alipofungua kopo nyumbani, akalifunika tena haraka. Vidonge virefu, vya njano. Ndivyo hivyohivyo alivyokuwa akimeza kaka yake, aliyeanza dawa ya virusi akiwa amechelewa, akafia chumba cha nyuma. Kopo la marehemu, Randa alilichoma kwa mkono wake. Chumba akakijaza mbao, ufunguo akauvaa shingoni.

Kesho yake saa nane mchana, jua linawaka, kidonge kiko mkononi, akasikia nyuma ya ule mlango: chakacha, chakacha, cha.

"Panya," akasema kwa sauti, ili panya wenyewe wasikie.

Akafungua. Mbao tu, na vumbi lisilo na hata unyayo. Akafunga. Chakacha, chakacha, cha: kama vidonge vinavyotikiswa ndani ya kopo.

Kaka ananiita, akawaza. Nikimeza hivi, namfuata. Kidonge akakitia mfukoni. Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Kijiweni utani haukumkauka mdomoni, ila shati lilimlowa jasho kivulini.

Siku ya nne mke wake hakwenda kazini, alishonea nyumbani. Saa nane, kopo likalia nyuma ya mlango. Mke, bila hata kuinua uso, akaweka sindano chini, akajaza maji kikombe, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango uliofungwa. Hapo ndipo akashtuka, maji yakamwagika.

"Mama wee! Namletea nani maji?"

"Na wewe umesikia?"

"Si shemeji huyo! Alipopoteza sauti, alikuwa akitikisa kopo hivyo kuomba maji ya kumezea dawa. Wewe utajulia wapi, ulikuwa unashinda karakana."

Nyuma ya mlango, kimya. Kimya cha mtu anayesubiri.

Mke akautazama mfuko wa shati. "Vingapi humo?"

"Vitatu."

"Fundi mzima, kupima milango unajua, masikio huna. Shika kikombe."

Akameza. Ndani, kitu kikatua juu ya ubao, taratibu, kama mtu anayeweka kopo chini.

Asubuhi alimpelekea daktari vile vitatu kiganjani. Daktari akaandika, akamwacha aendelee. Uvimbe upo, haujakua, haujapungua.

Randa alidhani kaka anamwita kaburini. Kumbe alikuwa anamwombea maji ya kumezea dawa. Hapo Randa alikosea kipimo.