Lugha ya Mikono Tuliyojifunza Kwenye Simu

Binti yetu alikuwa na miaka mitano alipougua homa ya uti wa mgongo. Alipona. Majirani wa Visiga walikuja kutupa pole na hongera kwa pamoja, wakala wali, Waislamu na Wakristo wakamshukuru Mungu kila mmoja kwa namna yake pale sebuleni. Wiki hiyohiyo mke wangu alidondosha sufuria jikoni, nyuma ya mtoto, na mtoto hakugeuka. Mke wangu akaiokota, akaidondosha tena, safari hii kwa makusudi.

Daktari alisema kusikia kulikopotea kwa namna ile hakurudi. Nilimuuliza maswali mengi, maana hiyo ndiyo tabia yangu, naye alinijibu yote kwa utaratibu. Lililomshinda ni la mke wangu.

"Sasa tutaongea naye vipi?"

Mwanzoni mtoto aliendelea kusema. Sikujua kwamba anayepoteza masikio hapotezi maneno siku ileile. Yanamtoka kidogo kidogo. Kwanza zilikwenda sauti za mwisho wa neno, "nyanya" ikawa "nyaa". Halafu sauti yake ikapanda, ikawa kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, na watoto wa jirani wakaanza kumwigiza. Halafu akaanza kunyamaza. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini Maili Moja na hofu ya kukuta neno jingine limeondoka.

Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenionyesha programu ya simu inayofundisha lugha ya alama. Niliipakua hapohapo. Ndani yake alikuwamo mwanamke mwenye sweta la bluu anayetabasamu muda wote. Unagusa neno, anakuonyesha ishara, unairudia, unajibu maswali, unapewa nyota. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mimi nilisoma na mke wangu akafuatisha. Kila jioni baada ya swala ya magharibi tulikaa mkekani watatu, simu tumeiegemeza kwenye birika. Vidole vitatu vikigonga kidevu, maji. Kidole gumba kidevuni, mama. Kidole gumba kwenye paji la uso, baba.

Mtoto alitupita sote. Siku aliyogonga kidevu chake mwenyewe bila kuulizwa, mke wangu alimpa kikombe cha maji, kisha akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka macho yakauke. Nyumba ikapata maneno tena. Bando likiisha tuliona kama mgeni wetu ameondoka bila kuaga.

Sikukuu ya Idi tulikwenda kwa mama yangu Kisarawe. Mama alikuwa amekaa barazani, mkono tayari, akingoja kuamkiwa na mjukuu. Binti yetu alisimama mbele yake, akapeleka vidole kwenye paji la uso na kuvishusha, kama alivyofundishwa na mwanamke wa sweta la bluu.

Mzee mmoja wa jirani akapiga makofi. Mke wangu ni Mnyamwezi na mzee yule ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wake, na watani hawaachiani.

"Ehee! Tazameni! Wanyamwezi wamemwingiza mjukuu wetu jeshini! Anampigia bibi yake saluti!"

Watu wakacheka. Siku zote mke wangu huwa na jibu kwa mzee huyo, tena jibu la kumfanya atafute kofia yake aondoke. Siku hiyo alitazama chini.

"Mwanangu," mama akaniambia taratibu, "shikamoo haimo humo kwenye simu?"

"Haimo, mama."

"Basi aliyeitengeneza hana wakubwa kwao."

Tukalichukua kama mzaha. Tulimfundisha mtoto kuushika mkono wa bibi yake na kuinama, tukaendelea na masomo yetu.

Mwaka wa shule ulipofika, tukampeleka kwenye shule ya msingi yenye darasa la watoto viziwi. Nilikuwa na majivuno, sitaficha. Watoto wengine, mwalimu alisema, hufika pale bila hata ishara moja. Wetu alikuwa nazo nyingi. Alikwenda moja kwa moja kwa wasichana wawili waliokaa kwenye ngazi, akagonga kidevu, akauliza maji yako wapi. Wakatazamana. Akarudia. Akajaribu jingine, na jingine, mikono ikienda mbio. Mmoja wa wale wasichana akamwigizia mwenzake ishara zile pembeni, wakacheka bila sauti.

Mwalimu akatugeukia. "Hizi mmezitoa wapi?"

"Kwenye simu," mke wangu akasema.

"Hizi ni za Marekani, mama. Sisi tuna lugha yetu ya alama. Chache zinafanana, nyingi hapana."

Sisi tumekulia kwenye nchi ambayo Kiswahili kimoja kinakutoa Kisarawe mpaka Kigoma na kila unapofika unaelewana na watu. Haikutujia hata siku moja kwamba mikono nayo ina nchi zake. Tulidhani viziwi ni watu wamoja dunia nzima.

Kutoka siku hiyo mtoto aliikalia mikono yake. Namaanisha hivyohivyo: aliiweka chini ya mapaja, akaikalia. Shuleni mwalimu alisema anatazama tu. Nyumbani hata kutazama hakutazama. Alipotaka maji alikwenda mwenyewe kwenye ndoo. Maneno ya mdomo yalikuwa yamekwisha kitambo, na sasa haya nayo. Mara mbili alipewa lugha na mara mbili ikachukuliwa, na hii ya pili tulimpa sisi.

Mke wangu alitaka kuifuta ile programu. Nikamshika mkono.

"Ukiifuta tutabaki na nini?"

"Sasa hivi tuna nini?"

Akaifuta.

Mwalimu alianza kututumia video fupi kwa simu, ishara za kwetu, amezirekodi darasani na ubao nyuma yake. Tulizirudia usiku na mchana, mtoto akitupa kisogo. Huko shule, tukasikia, ameanza kuongea na wenzake. Jumamosi moja nilimwona njiani na msichana wa darasa lake, mikono yote minne hewani, wanacheka. Nilisimama nyuma ya mti wa mwembe wa watu kama mwizi. Sikuelewa hata ishara moja. Mtoto wangu alikuwa mchangamfu, na alikuwa mgeni kwangu.

Jana mchana nilikuwa barazani na video ya mwalimu, nahangaika na kidole changu cha pete kisichotaka kukunjika. Akaja. Akanipokonya simu, akailaza kifudifudi juu ya mkeka. Akakishika kile kidole, akakikunja kwa nguvu mpaka kikauma, akanitazama aone kama naelewa. Kisha akarudi nyuma hatua moja akasema jambo refu, kwa haraka, uso wake wote ukisema pamoja na mikono. Lilikuwa jambo zito, hilo nililiona. Katikati yake nilitambua neno "nyumbani". Mengine yote yalinipita.

Alipomaliza, alishusha mikono akasubiri nijibu. Nikainua ya kwangu, na sikujua niiweke wapi.