Siku Niliyoitaka Cherehani ya Mama

Mimi si mtu wa maneno. Nilimaliza darasa la nane nikaenda kukaa na fundi wa redio pale Dagoretti Corner, na kazi ile ilinifaa kwa sababu redio mbovu haikuulizi habari za nyumbani. Hata haya ninayaandika polepole, mistari michache asubuhi, mingine nikirudi.

Kwa fundi ndiko nilikojifunza kutazama kitu kilichokufa na kujua kimekufia wapi. Baadaye nikanunua simu, mtu akaniingiza kwenye kundi la mnada. Dalali ana ghala lake, na huko huletwa vitu vya watu walioshindwa na kodi au mikopo: friji, makochi, televisheni, hata sufuria. Anapiga picha, anaituma kwenye kundi, anataja bei ya kuanzia na saa ya kufunga. Wanunuzi wanaandika bei zao hapo hapo. Saa ikifika, mwenye bei ya juu anachukua.

Wengi walitazama picha wakaona takataka. Mimi niliivuta picha mpaka ijae kwenye kioo, nikaona waya uliokatika au kifuniko kilichokosa skrubu moja. Kuna blenda niliyoinunua kwa bei ya chakula cha mchana, nikabadilisha waya, nikamuuzia mama mmoja wa Mountain View kwa faida iliyonipa aibu. Kuna jiko la gesi ambalo nilizibua matundu tu. Kwenye kundi sikuandika salamu wala sikuchangia vichekesho. Niliandika bei, basi.

Kumbe walikuwa wananifuata. Hasa jamaa mmoja mwenye duka la vitu vya mtumba mjini, kwenye ghorofa moja karibu na River Road. Siku moja aliandika, kundi zima likisoma: "Huyu kijana haongei, lakini ana macho ya paka. Siku hizi mimi sitazami picha, namtazama yeye." Watu wakacheka. Nami nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu mbele za watu.

Mama alikuwa akishona sare za shule kwenye kibanda cha kupanga, si mbali na Corner. Alikuja Nairobi kutoka Machakos na cherehani yake ya kukanyaga, ile nyeusi yenye miguu ya chuma, na hiyo ndiyo aliyonilelea. Kisha shule zikaanza kuuza sare zenyewe, za kiwandani, na kodi ya kibanda ikamlemea. Asubuhi moja watu wa dalali wakaja na pikapu. Nilipofika walikuwa wameshaondoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Wamebeba hata sketi ya mtoto wa watu," aliniambia. "Nilikuwa katikati ya pindo."

"Mama, hivyo vitu vitauzwa kwa simu. Ni lile kundi langu."

Alinitazama. "Kwa hivyo wewe utainunua cherehani yangu?"

"Nitainunua."

"Basi hakuna haja ya kulia," alisema. Jioni hiyo akasogeza kitanda ili ipate nafasi chini ya dirisha. Alisema atashonea nyumbani, wateja watamfuata.

Kulipa kodi yote ili turudishiwe vitu hatungeweza. Lakini cherehani kuukuu kwenye kundi lile hazikuwa na mtu. Nilikuwa nimeona mbili zikienda bila mshindani, kwa bei ya kuanzia. Pesa nilizokuwa nazo zingetosha na kubaki.

Picha ilikuja kesho yake mchana. Walikuwa wameiweka kando ya ukuta wa ghala, kitambaa cha buluu bado kimebanwa chini ya sindano. Elfu tatu, dalali aliandika. Nikaweka elfu tatu.

Haikupita dakika.

"Wacha! Paka ameamka!" mmoja aliandika.

"Nne," akaandika yule mwenye duka.

"Tano," akaandika mtu ambaye sikuwahi kumwona akinunua chochote.

Nikaweka sita. Wakaweka saba, nane. Ndipo nilipoelewa. Hawakuwa wakiitaka cherehani. Walikuwa wakikitaka kile walichodhani nimekiona. Kila nilipopanda, niliwahakikishia kwamba kipo. Na nikinyamaza, inaenda.

Nikaamua kusema. Mimi huandika kwa kidole kimoja, na sikujua nianze vipi na watu ambao sikuwahi kuwasalimu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Jamani naomba mniachie, hiyo ni ya mama yangu, imechukuliwa kibandani kwake." Nilipotuma, bei ilikuwa imepita elfu kumi.

"Hata mimi ni ya nyanya yangu!"

"Ulizaliwa juu yake ama?"

"Wasee, huyu hajawahi kuongea. Akiongea, jua kuna dhahabu ndani."

Mwenye duka akaweka bei ambayo nisingeifikia hata nikiuza simu yenyewe. Dalali akaandika: imeuzwa.

Kwa siku kadhaa nilizunguka nikikopa. Nilipopata kitu cha kutosha kwenda kumbembeleza, nilishuka mjini nikalitafuta duka lake. Nilimkuta anafuta vumbi kwenye friji. Nilipomwambia mimi ni nani, alinyoosha mikono kana kwamba mimi ni ndugu yake aliyepotea.

"Aii, ni wewe! Kumbe ni katoto hivi! Hebu niambie ukweli, buda. Uliona nini kwa ile mashini?"

"Iko wapi?"

"Miguu nimeuzia mama mmoja wa mkahawa huko Lavington, anaweka meza juu. Kichwa nilikifungua kutafuta hiyo siri yako. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, nikagonga nyundo, chuma kikapasuka. Nikauza kwa kilo. Nimekula hasara kwa ajili yako! Uliona nini?"

"Sikuona kitu. Ni ya mama."

Alisimama na kitambaa mkononi. "Si mchezo?"

"Niliandika."

"Tulidhani unatucheza," alisema, na sauti yake ikashuka. "Mbona hukunipigia simu, kijana? Namba yangu si iko hapo kwa kundi? Ungenipigia tu."

Alivuta stuli akataka kuniagizia chai. Nilikataa, nikashuka ngazi.

Nyumbani Mama alikuwa akipepeta mchele. Aliitazama mikono yangu kwanza, kisha uso.

"Imeenda kwa fundi wa nguo?" aliuliza. "Kama ni fundi, si mbaya."

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia yote, hata nyundo.

"Kwa kilo," alisema. Akaendelea kupepeta, ingawa mchele ulikuwa umeshakuwa safi.

Siku hizi anashonea watu mapindo na vifungo kwa mkono. Anakaa ukingoni mwa kitanda, kazi ikiwa mapajani, macho karibu na sindano. Mimi nikikaa sakafuni naiona miguu yake. Inakanyaga saruji, kisigino na vidole, kisigino na vidole, na akifika kwenye kona ya kitambaa inatulia, halafu inaanza tena. Yeye hajui kama anafanya hivyo.