Kona ya Meza Aliyoipita Haraka

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne asubuhi, kwa simu kutoka kwa mtu anayetunza funguo za ukumbi wetu pale Ukunda. Alisema kwa ufupi: fundi wa Waa ametutoka, maziko ni baada ya alasiri. Nilivaa viatu nikaenda. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba sina desturi ya kumtakasa mtu kwa sababu tu amekufa, na marehemu huyu mwenyewe hangelipenda jambo hilo. Alikuwa seremala, na kwa miaka tisa ndiye aliyekuwa mkaguzi wa vifaa katika mashindano yetu ya mpira wa meza, mimi nikiwa katibu. Tuliketi benchi moja miaka yote hiyo. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikumwamini.

Pengine wengi hawajui kwamba mchezo huu una mkaguzi. Kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, wavu hupimwa kimo chake, na komeo za miguu ya meza hutikiswa, kwa maana meza ya kukunja ikijifunga ghafla yaweza kuvunja vidole vya mtu. Raketi hukaguliwa unene wa raba yake, kisha hunuswa. Wapo wanaoibandika raba hiyo kwa gundi ya kuzibia pancha. Gundi ile huipa raketi kasi isiyo ya haki, na mvuke wake huumiza mapafu ya anayeipaka. Meza yenyewe hupimwa kwa kudondoshewa mpira: ukiachiwa kutoka sentimita thelathini juu yake, sharti uruke kiasi cha ishirini na tatu, popote utakapoanguka. Marehemu alikuwa na kijiti chembamba alichokitia alama mbili upande mmoja, na alikuwa akiipima meza shubiri kwa shubiri, ameinama, sikio karibu na ubao. Wachezaji walikuwa wakimtania. "Daktari, mgonjwa ana mapigo?" Naye alikuwa akijibu bila kuinua kichwa: "Mapigo anayo. Lete raketi yako nikupime wewe, maana leo unanuka pancha."

Shaka yangu ilianzia kwenye meza hiyo hiyo. Tuliyokuwa nayo awali, ya kununuliwa, iliharibiwa na unyevu wa bahari, naye akatutengenezea nyingine ya mbao za plai. Basi aliyeitengeneza ndiye aliyeipima, na binti yake, fundi cherehani wa hapo Ukunda, ndiye aliyekuwa mchezaji wetu bora wa kike. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi sikuona sababu ya seremala kuwa tofauti na watu wengine. Nimekwisha kuona mizani inayokaguliwa na mwenye duka, na mkandarasi anayetia saini kwamba barabara yake mwenyewe ni nzuri. Sheria za mchezo nilijifunza peke yangu kutoka kijitabu nilichokitoa nakala, na nilikisoma mara nyingi nikitafuta kifungu kinachomhusu mkaguzi ambaye pia ni baba. Sikukipata.

Ikafika siku ya kuchagua timu ya kaunti. Kwa wanawake ilikuwako nafasi moja tu, na binti yule alikuwa ameikosa mara mbili. Asubuhi hiyo nilimtazama baba yake akiipima meza. Kila mahali aliangusha mpira mara tatu. Alipofika kona iliyo karibu na dirisha la upande wa bahari, aliuangusha mara moja tu, akatazama dirishani, akapita haraka. Alipokwenda kusali adhuhuri nilichukua kijiti chake nikaenda kwenye kona ile. Mpira uliruka kama sentimita kumi na sita. Nilirudia mara tano. Niliinama chini nikaona kwamba ubao umeachana na boriti inayoushikilia, na upenyo ulikuwa wa kuingia ukucha.

Hapo ningeweza kupaza sauti. Sikupaza. Nilitaka kumnasa. Nilijiambia kwamba, ikiwa binti ameambiwa siri, ataipeleka mipira kwenye kona ile kila mpinzani wake atakaposimama upande huo, nami nitakuwa na ushahidi. Nilichora meza katika daftari langu, nikakaa tayari kutia nukta. Kwa kuwa wachezaji hubadilishana pande, nilijituliza, basi kasoro ni ya wote wawili, hakuna anayedhulumiwa. Katika mchezo wa kuamua nafasi, mpinzani wake alikuwa msichana wa Diani, mzaliwa wa bara, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Alipoukaribia ubao aliugonga kwa kidole. "Fundi, hii meza iko fiti, ama mmeiwekea dawa ya nyumbani?" Watu wakacheka. "Dawa ni mazoezi, mama," fundi akamjibu. "Nayo haiuzwi Ukunda." Nilimtazama usoni alipokuwa akisema hayo. Hakucheka.

Walicheza seti nne wakawa sawa. Nukta zangu zilikuwa zimetapakaa meza nzima. Hakuna aliyeitafuta kona ile. Seti ya tano ilifika kumi kwa tisa, mpinzani akiongoza, na binti wa fundi amesimama upande wa dirisha. Mpinzani aliusukuma mpira bila nguvu, nusu kwa kubahatisha, ukaangukia konani. Ulilala pale kama umeangukia mchangani. Binti alikuwa amekwisha kuupima kwa jicho, mkono umekwisha kutoka, na raketi ikapita katika hewa tupu. Kumi na moja kwa tisa, mchezo umekwisha; wenzake yule wa Diani wakapiga vigelegele. Binti aliutazama ubao, kisha akamtazama baba yake. Baba alikuwa akitazama miguu yake. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi.

Watu walipotawanyika nilimfuata fundi barazani.

"Fundi, ile kona ya dirishani."

"Naijua."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na hukusema?"

"Meza ni moja, Bwana Katibu. Watu wametoka mbali huko Jego tangu alfajiri. Ningesema, ungefungua kijitabu chako, ukafuta mashindano."

"Basi ungemwonya hata mwanao."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile. "Nimwonye yeye peke yake? Hapo ndipo ningekuwa mwizi." Kisha akakitoa kijiti mfukoni. "Hiki mimi hukilaza alama zikiwa juu. Nilipotoka kusali nimekikuta alama ziko chini. Wewe ulikuwa ukingoja nini?"

Wiki iliyofuata aliikaza boriti kwa skrubu nne, na sisi wawili hatukulizungumza jambo hilo tena. Katika kumbukumbu za mashindano niliandika kwamba vifaa vilikaguliwa na kuonekana viko sawa. Binti yake hakurudi ukumbini.

Siku ya tatu ya matanga nilikwenda nyumbani kwake Waa. Binti alitoka uani kuja kunisalimia. "Shikamoo, ami." Nikaitikia marahaba, nikampa pole. "Tushapoa," akasema, lakini hakuondoka. "Ami, wewe ulikuwa ukikaa naye. Baba aliijua ile kona?" Ningeweza kujificha nyuma ya heshima ya marehemu, na hapana mtu ambaye angenilaumu. Nikasema, "Aliijua." Akatikisa kichwa taratibu. "Nilidhani hivyo. Tangu siku ile hakuweza kunitazama machoni." Ndipo nikamwambia lililobaki: kwamba mimi pia niliijua, kwamba niliipima wakati baba yake akisali. Nilitarajia anitukane. Alitengeneza mtandio wake tu. "Kumbe mlikuwa wawili," akasema, "na mimi niko peke yangu mezani." Akarudi ndani kwa wanawake wenzake.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kuwa na shaka ni namna ya kuwa mwaminifu. Nilimshuku marehemu kwa kosa ambalo hakulifanya, na katika kumvizia sikuliona lile alilolifanya, ambalo lilikuwa langu pia. Yeye aliificha kasoro ili watu wapate kucheza. Mimi niliificha ili nishinde kesi. Sababu yake ilikuwa bora kuliko yangu, lakini aliyekosa nafasi alikuwa ni yule yule mmoja. Kipande cha chaki kingetosha siku ile: kuizungushia kona duara, kuwaita wachezaji wote wawili, na kuwauliza kama wanakubali kurudia kila mpira utakaoangukia ndani yake. Kijitabu changu hakina kifungu hicho. Nimekwisha kuwaambia wenzangu wa ukumbi kwamba kuanzia sasa meza itapimwa mbele ya watakaoichezea, nao watauangusha mpira kwa mikono yao wenyewe, na mwenye shaka aiseme hapo hapo, kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Akiiweka moyoni hadi mchezo uishe, asijiite mwangalifu. Atakuwa mmoja wa waliocheza, na atakuwa amecheza bila kupimwa.