Shavu Linalotibiwa Kila Siku

"Eti tone likiangukia shavuni, nalo linahesabika?" Bibi mmoja wa Michenga aliuliza hivyo kwenye duka la dawa pale Mlabani. Muuzaji akacheka, "Bibi naye!", kisha akamgeukia mteja mwingine.

Bibi ana presha ya macho, na asipotia dawa kila siku atapofuka. Chupa humwishia kabla hajauza mpunga.

"Sasa nabana, mjukuu wangu," akaniambia mimi, mteja mwenzake. "Leo natia la kulia, kesho la kushoto."

Nikamwomba anionyeshe anavyotia. Akabinya chupa mpya, yakatoka matone matatu; mawili yakateremka hadi kidevuni. Kumbe macho yanapokezana zamu, shavu ndilo linalotibiwa kila siku!

Ndugu muuzaji, akija bibi mwingine usicheke. Mwonyeshe namna ya kudondosha tone moja.